Michembe na Kikohozi cha Mkwe

Wanaonijua leo, wakiniona nimekaa juu ya jabali nakata viazi bila kutazama kisu, hudhani nilizaliwa na kazi hiyo mkononi. Sijawahi kuwakanusha. Mtu akikusifia jambo usilostahili, ni adabu kumwacha amalize. Lakini sasa nimezeeka, wote waliokuwa na haki ya kunicheka wameshanicheka vya kutosha, na mimi mwenyewe nimebaki na hamu ya kucheka kidogo.

Nilizaliwa mjini Shinyanga, karibu na stesheni ya reli, katika nyumba ambayo chakula kilitoka dukani na sokoni. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, akishona suruali kwenye baraza la duka la Mhindi. Mama yangu alikuwa mtu wa Tabora, na jembe alilishika pale tu lilipokuwa limeegemezwa vibaya na anataka kulisogeza. Viazi vitamu kwetu vilifika ndani ya kapu, vikachemshwa, vikaliwa na chai, habari yake ikaishia hapo. Kwamba kiazi kinaweza kumenywa, kukatwa vipande, kuanikwa juani na kuwekwa mpaka msimu wa njaa, hilo nililisikia kwa mbali. Mara ya kwanza nilipoiona michembe sokoni, imerundikwa mbele ya mama mmoja wa shamba, nilidhani ni vibanzi vya kuwashia moto, nikamwuliza kama vinashika upesi. Yule mama alinitazama kwa huruma, akanipa kimoja nitafune.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini alikuja kijana mmoja Msukuma kutoka upande wa Kishapu, akiwa njiani kwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, akataka kushonewa suruali. Suruali ilipokamilika alirudi kusema kiuno kinabana. Ikalegezwa. Akarudi kusema kinapwaya. Baba alianza kutilia shaka kazi ya mikono yake, mpaka mama alipomwambia kwa upole kwamba suruali haina kasoro yoyote na kwamba kijana anapopimwa haangalii kioo, anaangalia mlango wa uani. Mlangoni pale nilikuwa mimi, napepeta mchele uliokwisha pepetwa. Hivyo ndivyo nilivyoolewa.

Kabla sijaondoka, shangazi yangu aliniketisha chini anifunde. Alikuwa hajawahi kukaa vijijini kwa Wasukuma hata wiki moja, lakini hilo halikumzuia. Alisema kwa wale watu heshima ya mkwe ni jambo kubwa kuliko yote. Nikimwona baba mkwe nisisimame njiani mwake, nisimtazame usoni, nisiseme naye neno, mpaka siku nitakapokuwa na jiko langu mwenyewe, nimpikie, naye ale chakula cha mkono wangu. Siku hiyo ndiyo haya itaondoka kati yetu. Nikikosea, alisema, nitarudishwa na mabegi yangu na mji mzima utajua. Mambo haya hayakuwa uongo, ila shangazi aliyatia chumvi mpaka yakawa machungu. Na mimi nilikuwa mwanafunzi hodari sana.

Mume wangu alinifikisha kwao, akakaa kidogo, akarudi Geita kumalizia mkataba wake. Mimi nikabaki kwa mama yake, kama ilivyo desturi, nikipika kwenye jiko lake na kulala katika nyumba ndogo iliyo ubavuni mwa yake. Bibi arusi hapewi jiko siku ya kwanza. Kwanza hutazamwa. Mama mkwe alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno machache na macho mengi. Asubuhi ya kwanza nilimwamkia kwa shikamoo yangu ya mjini, akaitikia marahaba, kisha akanifundisha kusema mwangaluka, akasubiri mpaka nikaitamka sawasawa. Baadaye alinipeleka nyuma ya nyumba yangu, akanionyesha mawe matatu yaliyolazwa chini ya upenu, mazuri, yaliyolingana kimo.

Yale yalikuwa mafiga yangu, alisema. Ameshayachagua mwenyewe, kilichobaki ni kuyasimamisha. Halafu akanionyesha kilindo, chombo kikubwa cha gome la mti, cha duara, chenye kimo cha kufika kiunoni kwangu, kikiwa kitupu. Akasema anayetaka jiko lake lazima kwanza aweze kutunza chakula, kwa sababu jiko bila akiba ni mawe tu. Nikijaza kile kilindo michembe ya mkono wangu mwenyewe, na michembe ile ikaitosha nyumba mpaka majani ya kwanza ya kunde baada ya mvua, atanisimamishia mafiga. Isipotosha, nitangoja mwaka mwingine jikoni kwake.

Mtu mwenye akili angenyamaza na kuanza kazi. Mimi nilimwona jirani aliyekuwa akirudi Geita kutoka likizo, nikamtuma kwa mume wangu: amwambie kwamba mvua zikianza, akirudi, atakunywa chai iliyochemshwa kwenye jiko langu mwenyewe. Salamu ile ilipita katika kambi ya wachimbaji, na kila aliyeibeba aliongeza kitu. Nilisikia baadaye kwamba ilimfikia mume wangu ikiwa na nyama ya kuku, wali na mandazi. Alifurahi sana maskini, akawatangazia wenzake.

Basi nikaanza kujifunza michembe. Viazi vilichimbwa kwenye matuta ya mbugani, vikaletwa nyumbani, na mimi nikashika kisu tayari kuvimenya. Mama mkwe akaniambia niviache. Vilazwe kivulini siku kadhaa vinyauke kwanza, ndipo utamu wake unakusanyika. Niliona ni uvivu wa watu wa shamba, nikamenya vyangu vichache kwa siri vikiwa vibichi. Vilipokauka vilikuwa na ladha ya chaki. Nilivila vyote mwenyewe kuficha ushahidi, na tumbo langu likatoa ushahidi usiku kucha.

Vipande vyangu vya mwanzo vilikuwa vinene kama soli ya kiatu, vikikauka nje na kuoza ndani. Nikavifanya vyembamba mno, upepo ukavipeleka kwa jirani. Kisha nikakumbuka kwamba mimi ni binti wa fundi cherehani, nikatoa uzi na sindano, nikavitunga vipande katika kamba ndefu na kuvitundika kutoka nyumba moja hadi nyingine. Nilidhani nimewaletea watu hawa maendeleo. Mama mkwe alitoka, akatazama, akauliza kwa utaratibu kama kuna sherehe. Mbuzi walizivuta kamba zile kwa ncha moja, wakala mwendo mmoja hadi mwisho.

Kwa michembe halisi kulikuwa na jabali. Lilikuwa nyuma ya kijiji, jiwe pana la kijivu lililolala chini bila kuinuka sana, lenye ufa upande wa magharibi. Wanawake wote wa pale walianika juu yake, na kila nyumba ilikuwa na sehemu yake iliyorithiwa kutoka kwa mama mkwe hadi kwa mke wa mwana. Hapakuwa na mstari wala alama, lakini hakuna aliyekosea hata kwa upana wa kiganja. Sehemu yetu ilikuwa karibu na ufa. Jua likipanda, jiwe linapata moto kutoka juu na kutoka chini, na michembe inakauka vizuri hata ukiivunja inalia. Jioni inakusanywa isipate umande, asubuhi inatandazwa tena. Nilikata, nikatandaza, nikageuza, nikakusanya. Mikono ilipasuka, utomvu wa viazi ukaganda mweusi kwenye vidole, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa na kitu nilichokifanya vizuri. Nilijivuna waziwazi. Nilikuwa nikipita karibu na yale mawe matatu nayapangusa vumbi kwa pindo la khanga.

Sasa nieleze habari ya baba mkwe. Alikuwa mzee mpole, mwenye kofia ya zamani ya jeshi aliyoipata sijui wapi, na mapenzi yake duniani yalikuwa mawili: ng'ombe wake, na michembe iliyopikwa kwa karanga. Hilo la pili nililijua kwa sababu kila mtu alilijua. Wanaume wa nyumbani walikula kwenye shikome, pale penye moto wao karibu na zizi, na wifi yangu mdogo aliyekuwa akipeleka bakuli alisema baba yake akiona michembe huacha kusema katikati ya neno.

Mimi na yeye hatukuwa tumesemezana. Desturi yenyewe ilikuwa nyepesi: ukimwona anakuja unasogea pembeni, unapiga goti, unainamisha macho, anapita. Lakini mimi nilikuwa na masomo ya shangazi. Nikiona ile kofia kwa mbali, nakimbia. Nilijificha nyuma ya miti isiyoweza kumficha kuku. Siku moja niliingia zizi la ndama na kutoka nikiwa na mbolea mpaka kwenye kope. Siku nyingine nilijificha nyuma ya kihenge cha mtama, kumbe naye anakwenda kukikagua kihenge kile kile. Alipozunguka kwa kulia, nami nikazunguka kwa kulia, tukakizunguka hivyo hivyo mpaka yeye akasimama, akashusha pumzi, akaondoka bila kukagua kitu. Nilijiona nimefaulu. Nilidhani kila akiondoka anasema moyoni, huyu binti ana heshima.

Siku ya mambo yenyewe, michembe yote ya mwaka ilikuwa jabalini kwa mara ya mwisho. Ilikwisha kauka, imebaki jua la siku moja tu, kisha iingie kwenye kilindo. Mama mkwe alikuwa anakwenda gulioni, akamchukua na wifi. Aliniambia nikae pale pale, nisitoke kwa sababu yoyote. Nilimwambia hata nyoka akija atanikuta. Nilikaa na fimbo yangu, nikafukuza kuku, nikafukuza mbuzi, nikaimba nyimbo za taarabu nilizozisikia mjini. Nilianza kufikiri nitakavyoyapanga mafiga, jiwe la nyuma liwe upande gani ili moshi usiniingie machoni.

Mchungaji wa ng'ombe alikuwa ameamka na homa. Mimi sikuwa na habari. Kwa hiyo niliposikia kengele za ng'ombe na kuinua macho, nilichokiona juu ya migongo ile yote kilikuwa kofia ya jeshi. Baba mkwe mwenyewe anapeleka ng'ombe kunywa maji, na njia inapita kando ya jabali.

Sikufikiri. Nilitupa fimbo, nikajichomeka kwenye ule ufa, nikajifunika khanga kichwani, magoti yamenigusa kidevu. Kutoka pale nilipokuwa hadi michembe ilipokuwa, ni mkono wa mtu. Kengele zikakaribia. Zikasimama. Nikasikia sauti ya kutafuna.

Nimeyatafakari mambo haya miaka mingi na bado sijui niliwaza nini. Nakumbuka nilijiambia kwamba ng'ombe wanakula majani. Ilikuwa kiangazi kikavu, na tulikuwa juu ya jiwe. Wakazidi kutafuna, sauti kavu, nzuri, ya michembe iliyokaushwa sawasawa. Ndipo baba mkwe akakohoa. Mimi nilielewa kwamba ameniona, na kwamba ananionya kuwa sijajificha vya kutosha. Nikajikunja zaidi. Akakohoa tena kwa nguvu. Nikavuta khanga mpaka miguuni. Akakohoa kikohozi kirefu cha kusikitisha, nami nikapeleka uso wangu ndani kabisa ya ufa, mdomo ukagusa jiwe, nikazuia hata pumzi.

Upande wake mambo yalikuwa hivi, nilivyokuja kuambiwa. Alipoona khanga yangu ndani ya ufa, aligeuka akanipa mgongo, kwa sababu naye alikuwa na haya zake. Kuwafukuza ng'ombe ilibidi apande jabali na kusimama juu ya kichwa cha mke wa mwanawe aliyejikunyata chini, jambo ambalo mzee wa heshima hawezi. Kuniita jina hawezi. Kunisemesha hawezi. Akabaki anaita ng'ombe wake mmoja mmoja kwa majina, akiwa ameelekea mlima wa mbali, na kukohoa. Ng'ombe hawakuona sababu ya kuitikia. Walikula, wakamaliza, wakalamba jiwe, mmoja akaacha alichoacha, kisha wakaondoka kwa hiari yao kwenda kunywa maji.

Nilipotoka ufani jabali lilikuwa safi. Nilikaa chini. Sikulia mara moja. Nilikuwa najaribu kutafuta hata kipande kimoja. Nilikipata kimoja ndani ya alama ya kwato kwenye mavi, nikakitazama, na hapo ndipo kilio kikaja.

Mama mkwe aliporudi kutoka gulioni alisimama pale na mzigo wake kichwani. Akatazama jiwe, akatazama alama za kwato, akanitazama mimi na uso wangu uliochubuka kwa jiwe. Aliuliza nilikuwa wapi. Nilionyesha ufa kwa kidole. Aliuliza ng'ombe walikuwa na nani. Kumtaja baba mkwe sikuweza, kwa hiyo niliweka mikono kichwani kuonyesha kofia. Mdomo wake ulicheza pembeni kwa namna ambayo wakati ule nilidhani ni hasira.

"Nilichosema nimesema, mwanangu," akaniambia. "Kilindo kijae, na kitufikishe kwenye kunde."

Shamba letu lilikuwa limekwisha vunwa. Njia iliyobaki ilikuwa kwenda kuwasaidia wengine kuchimba viazi vyao na kupewa sehemu. Nikaenda. Habari ilikuwa imenitangulia. Kila tuta nililofika, wanawake waliinama kwenye majembe yao, na mmoja wao akakohoa. Wengine wakapokea. Nikienda kisimani, mtu anakohoa. Nikipita sokoni, kikohozi kinatoka nyuma ya mizigo ya chumvi. Mwanzoni nilikasirika, nikataka kurudi kwetu mjini kwa miguu. Baadaye, siku moja, kikongwe mmoja alikohoa kikohozi cha kweli, nami nikajikunja nusu kwa mazoea kabla sijajizuia. Tulicheka wote mpaka tukaketi kwenye matuta. Siku ile nilipewa viazi vingi kuliko nilivyostahili.

Nilikata usiku na mchana, nikalinda kama askari. Hata hivyo, msimu ulipokwisha, michembe haikuvuka nusu ya kilindo. Nilijua kuhesabu kwa macho kama mtu yeyote anayepika. Nyumba ile, wageni wa pale shikome, watoto wa majirani. Nusu ile isingevuka hata mwanzo wa mvua. Mafiga yangu yalikuwa bado chini ya upenu. Kuku wameanza kuyatagia kando. Sikuyapangusa tena.

Njaa ilipoanza kubisha, tukafungua kilindo. Kwenye jiko la mama mkwe nilipika, kwa mara ya kwanza, michembe yangu mwenyewe na karanga zilizotwangwa laini, nikalijaza bakuli la shikome. Wifi alilipeleka na kulirudisha limejaa. Alisema baba amesema tumbo lake siku hizi halitaki michembe.

Niliingia nyumbani mwangu, nikalala kifudifudi. Hasira yake niliielewa. Mzee aliyependa kitu kimoja cha kula duniani, sasa hawezi hata kukigusa kwa sababu kimepikwa na mimi. Siku iliyofuata niliongeza karanga. Bakuli likarudi. Nikajaribu kwa maziwa mgando. Likarudi. Nikaloweka zaidi, nikapika polepole, nikaipondaponda kidogo kama apendavyo mtu asiye na meno, ingawa meno yake yalikuwa mazima. Mwisho akatuma neno kwamba shikome wasipelekewe tena michembe kabisa. Wapelekewe ugali wa mtama na mlenda, inatosha. Niliona wazi kwamba huyu mzee atamwambia mwanawe anirudishe. Nikaanza kupanga maneno nitakayomwambia shangazi.

Nilikuwa nimezama katika msiba wangu kiasi kwamba sikutazama ndani ya kilindo kwa akili. Nilichota, nikafunika, nikalia. Mvua zikanyesha, zikakatika, zikanyesha tena. Kunde zikaota. Mama mkwe alirudi kutoka shambani asubuhi moja na majani machanga ya kunde kwenye nusu ya kibuyu, akayamwaga mbele yangu. Kisha akaenda kwenye kilindo, akaingiza mkono mpaka begani, na akautoa umejaa. Michembe ya mwisho, kiasi cha chungu kidogo, lakini ipo.

Alitoka nje, akawafukuza kuku, akayabeba yale mawe matatu moja moja, akayasimamisha ndani ya nyumba yangu. Nilimshika mkono nikamwuliza, mayu, yaani mama, imewezekanaje. Akasema nipike kwanza, maswali yana wakati wake.

Mume wangu alifika kutoka Geita siku chache baadaye, akiwa na blanketi jipya na matumaini ya kuku, wali na mandazi. Alipata chai. Aliinywa akitazama moto kati ya mafiga yangu na kusema ni tamu, na mimi nilijua nimesahau sukari.

Halafu ikaja siku ya kumpikia baba mkwe. Mama mkwe alichinja jogoo, mimi nikasonga ugali, tukapika majani ya kunde kwa karanga. Mzee aliingia nyumbani mwangu kwa mara ya kwanza, akavua kofia, akaketi kwenye kigoda. Nilinawisha mikono yake nikiwa nimepiga goti, macho chini, na maji mengine nikamwagia magoti yake. Niliweka chakula mbele yake. Akakohoa.

Nilijikunja. Haki ya Mungu, nilijikunja pale pale sakafuni, nikavuta khanga kichwani.

Nikasikia mama mkwe anacheka, kicheko alichokuwa amekibana tangu siku ya gulio. Mume wangu naye, ambaye kambi nzima ya Geita ilikuwa imemsimulia, akageukia ukutani. Baba mkwe peke yake hakucheka. Alisubiri nitoe khanga usoni, na yakaja maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia.

"Mwanangu, siku ile nilikohoa ili uinuke."

Nilisema ndiyo baba, sasa nimeelewa. Akamega tonge la ugali, akalichovya, akala, akasema ni zuri. Ilikuwa imetosha, haya imeondoka, jiko ni langu, angeweza kunyanyuka na kwenda kwa ng'ombe wake. Hakunyanyuka. Alikuwa anaangalia pembeni, kule kilipokuwa kile chungu kidogo, kama mtoto anayeogopa kuomba.

"Ile ya mwisho," akasema, "bado ipo? Mama yako aliniambia kilindo kiko nusu. Kinywa kimoja kikinyamaza, nusu inafika mbali. Sasa kunde zimeota. Nipe."

Nilimtazama mama mkwe, naye akatikisa kichwa kuthibitisha. Alisema wageni wa shikome nao waliambiwa ni marufuku, na kwamba mzee alikuwa akinusa harufu ya karanga kutoka zizini na kwenda kujisingizia kazi mbali.

Niliipika michembe ile mbele yake, kwenye mafiga yangu, nikatia karanga zote zilizokuwamo ndani. Alianza kumsimulia mwanawe habari ya ndama mpya, nikamwekea bakuli mbele, akaacha kusema katikati ya neno. Alikula mpaka akafuta bakuli kwa kidole. Nami nilikaa chini, mbele ya mkwe wangu, uso wazi bila khanga, nikalia kwa sauti, jambo ambalo shangazi hakunifundisha.